Shikio la Ndege na Maji ya Ziwa: Michezo ya Kuiga Urubani na Msamiati Ulioachwa Ufuoni

Manahodha wengi, wahenga walisema, chombo huenda mrama. Methali hii hukaririwa na kila mwanafunzi wa Kiswahili tangu madarasa ya chini. Huandikwa katika insha, hutolewa na wanasiasa majukwaani na huchambuliwa katika mihadhara ya fasihi simulizi kwa mintarafu ya uongozi na umoja. Hata hivyo, ni nadra mhadhiri kusimama mbele ya darasa na kuuliza swali dogo: mrama ni nini hasa? Chombo kinachokwenda mrama hufanya nini, na nahodha mmoja aliye stadi hukirejesha vipi katika mwendo wake? Methali imebaki, chombo kimesahaulika.

Ajabu ni kwamba swali hilo huulizwa upya siku hizi mahali ambapo wasomi wengi wa lugha hawatii mguu, yaani katika vyumba vya michezo ya video vya miji kama Migori, Rongo, Awendo, Oyugis, Mbita na Homa Bay. Humo vijana hulipa shilingi chache ili wacheze kwa dakika kadhaa. Kandanda ndiyo inayotawala, na hilo halimshangazi yeyote. Lakini wapo wachache, hasa wale wenye kompyuta zao katika vyumba vya kukodi, wanaopenda michezo ya kuiga urubani wa ndege za kivita: IL-2 Sturmovik iliyotoka mwaka 2001, na baadaye War Thunder na DCS World. Mchezaji wa michezo hii hukutana na mrama kila jioni. Pua ya ndege yake inakwenda huku na kiwiliwili kinakwenda kule. Risasi zake zinapita kando ya adui. Mwisho ndege inaanguka ikizunguka kama pia. Akiuliza sababu, mwenzake humweleza kwa Kiingereza cha kubahatisha kilichotiwa Kidholuo na Sheng. Kiswahili, lugha iliyolelewa na mabaharia, huwa kimya.

Makala haya yanashikilia kwamba ukimya huo hauna udhuru. Lugha iliyo na tanga, omo, tezi, kana, shikio, joshini na demani haiwezi kudai kuwa haina maneno ya kueleza jinsi chombo kinavyoelekezwa, kiwe cha majini au cha angani. Kinachokosekana ni mazoea ya kuyatumia maneno hayo nje ya kamusi na nje ya methali. Tena, mahali pafaapo kuanzia mazoea hayo si Lamu wala Mombasa pekee, bali pia kandokando ya Ziwa Viktoria, katika kaunti za Migori na Homa Bay, ambako vyombo vinavyoelekezwa kwa mkono bado vinaonekana kila alfajiri.

Kazi ya shikio angani

Njia bora ya kuthibitisha kwamba lugha inaweza jambo ni kulifanya jambo lenyewe. Basi na lielezwe shikio la ndege kwa Kiswahili, bila kuomba neno kwa jirani.

Ndege huongozwa kwa vipande vya aina tatu vinavyobenuka. Vya kwanza viko karibu na ncha za mabawa. Hivi huilaza ndege ubavu wa kulia au wa kushoto. Cha pili kimelala mkiani. Hiki huinua pua au huiinamisha. Cha tatu kimesimama wima mkiani, mfano wa pezi la samaki. Hiki ndicho shikio, nacho huipeleka pua kulia au kushoto. Rubani hukiongoza kwa miguu, kwa kukanyaga pedali mbili. Katika mchezo, mwenye vifaa hukanyaga pedali vilevile; asiye navyo huzungusha fimbo ya kuongozea au hubonyeza vitufe viwili vya kibodi.

Anayeanza hudhani kwamba shikio hupindisha ndege kama linavyopindisha mashua. Hapo ndipo anapoangamia. Kinachopindisha ndege hasa ni mabawa. Ndege ikilazwa upande, ile nguvu inayoiinua nayo hulala, ikaivuta kuelekea upande huo. Shikio kazi yake ni kunyoosha. Rubani anapoilaza ndege kushoto, bawa la kulia huongezewa nguvu ya kuinua, na kila linaloinua zaidi hukokotwa na hewa zaidi. Kwa hiyo bawa hilo hubaki nyuma na pua huvutwa kulia, kinyume cha anakotaka kwenda. Ndugu wawili wa Marekani, Orville na Wilbur Wright, walisumbuliwa na jambo hili mwaka 1902. Chombo chao cha kuelea hewani kilikuwa na mkia wima uliokazwa usigeuke, nacho kilikuwa kikiteleza upande na kuangukia bawa. Walipoufanya mkia huo uwe wa kugeuka, tatizo likapata dawa. Mwaka uliofuata, tarehe 17 Desemba 1903, wakapaa kwa injini. Yaani shikio liliingia katika ndege ili kusahihisha kosa la mabawa. Halikuletwa kuwa msukumo wa kupindia.

Ndani ya ndege kuna kioo chenye mrija uliopinda, na ndani ya mrija mna kigololi. Ndege ikienda sawa, kigololi hukaa katikati. Ikiteleza upande, kigololi hukimbia. Kanuni ya kufundishia ni fupi: kanyaga upande aliko kigololi. Kikienda kulia, mguu wa kulia. Kikienda kushoto, mguu wa kushoto.

Katika mapambano shikio lina kazi nyingine nne, na kila moja ina hatari yake. Ya kwanza ni kulenga. Adui akiwa mbele kidogo tu ya mstari wa bunduki, mguso mwepesi wa mguu huisogeza pua ikamfikia. Lakini ndege inayoteleza upande hupeleka risasi upande, na mchezaji anayekanyaga shikio kwa pupa wakati wa kupiga humaliza risasi zake zote hewani. Ya pili ni hila. Anayefukuzwa huweza kuipeleka pua upande mmoja ilhali ndege yenyewe inateleza kwingine. Anayemfuata hutazama pua, akakisia vibaya, akapiga mahali pasipo na mtu. Gharama yake ni kupoteza mwendo, na asiye na mwendo katika vita vya angani ni windo. Ya tatu ni kuiongoza ndege inayokwenda polepole mno. Pua ikiinuliwa kupita kiasi, hewa hukatika juu ya bawa na bawa huzirai. Wakati huo, kujaribu kuinua bawa linaloanguka kwa kile kipande cha nchani ni kulizimisha kabisa, kwa sababu kipande hicho huzidisha ule mwinuko ulioleta balaa. Rubani mwenye uzoefu hutuliza mkono na kutumia mguu.

Ya nne ni kujiokoa. Ndege iliyozirai bawa moja kabla ya jingine huanguka ikizunguka. Dawa yake katika ndege nyingi ina hatua zinazojulikana: punguza nguvu ya injini, rudisha fimbo katikati, kanyaga shikio lote kinyume cha mzunguko, kisha sukuma fimbo mbele ili bawa lipate hewa. Mzunguko ukikoma, rudisha miguu sawa na uinue pua taratibu. Anayevuta fimbo kwa hofu hufuata pia hadi ardhini.

Ipo pia kazi ambayo huanza kabla ya kupaa. Injini ya rafadha huivuta ndege upande inapokimbia uwanjani. Mchezaji aliyezoea ndege ya Spitfire yenye injini ya Merlin hujua kwamba itakwenda kushoto, naye huweka tayari mguu wa kulia. Akipewa Spitfire ya baadaye yenye injini ya Griffon, ambayo rafadha yake huzunguka kinyume, mguu huohuo wa kulia utamtoa nje ya uwanja. Jina la ndege ni lilelile, lakini mguu unaohitajika ni mwingine.

Aya hizo zimetumia maneno ambayo yeyote aliyepita kidato cha nne anaweza kuyafuata. Machache ni ya mkopo, kama injini na pedali, na mikopo hiyo imekwisha kuwa raia. Mengine yalikuwepo kabla ya ndege kubuniwa.

Ziwa linafundisha nini

Huenda msomaji akauliza: Migori na Homa Bay zinaingia vipi katika habari za Spitfire? Jibu liko majini. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya Ziwa Viktoria, lakini sehemu kubwa ya ufuo huo mdogo iko katika kaunti hizi mbili: kutoka Kendu Bay na Homa Bay katika Ghuba ya Winam, hadi Mbita, Rusinga na Mfangano, kisha kusini hadi Karungu, Sori na Muhuru Bay karibu na mpaka wa Tanzania. Katika ufuo huu mashua za tanga la pembe tatu hazijatoweka. Usiku upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana hurudi kutoka ziwani kuja nchi kavu. Mvuvi wa tanga huondoka na upepo wa kwanza na kurejea na wa pili. Huyu hakufundishwa elimu ya hewa darasani, lakini anajua kwamba chombo kinachovukishwa wakati upepo unakipiga ubavuni hakielekezwi moja kwa moja kule kinakokwenda. Omo huelekezwa joshini, upande upepo unakotoka, ili chombo kikisukumwa kiangukie gatini. Rubani anayetua wakati upepo unavuma ubavuni hufanya jambo hilohilo. Mchezaji anayejaribu kutua bila kulijua huikuta ndege yake nje ya uwanja, kwenye nyasi.

Tukio la mashua ya injini linafunza zaidi. Anayeiendesha hukaa tezi ameshika mpini wa injini. Akitaka kwenda kushoto, husukuma mpini kulia. Ndivyo ilivyo pia kwa kana ya chombo cha tanga: mkono huenda kinyume cha omo. Katika ndege mambo hugeuka: mguu wa kushoto, pua kushoto. Chukua mfano wa kijana aliyekulia Muhuru Bay akimsaidia baba yake kuvua omena, kisha akaenda mjini kusoma na kukutana na mchezo wa urubani. Mikono yake ina elimu ambayo mwenzake wa mjini hana. Anajua chombo huitikia kwa kuchelewa, anajua usukani wenye pupa hukipotezea chombo mwendo. Lakini elimu hiyohiyo humponza kwa ule ukinyume wa mkono. Mwalimu angeweza kumwondolea tatizo hilo kwa sentensi moja: katika ndege hakuna kana, miguu inashika shikio lenyewe. Sentensi hiyo ni ya Kiswahili, ni fupi na ni sahihi. Haisemwi kwa kuwa kana imeachwa katika kamusi.

Wala ndoa ya ndege na ziwa si ya kubuniwa na makala haya. Mwaka 1931 shirika la Uingereza la Imperial Airways lilianza kufika Kisumu, na kuanzia mwaka 1937 ndege-mashua za aina ya Short Empire zilitua juu ya maji ya Winam katika safari ya kutoka Uingereza hadi Durban. Ndege hizo zilikuwa na tumbo la mashua na mabawa ya ndege. Zikiwa majini hazikuwa na breki. Upepo uliugeuza mkia wao mrefu kama unavyogeuza bendera, na rubani alilazimika kuzinyoosha kwa injini na kwa shikio, akifanya kazi ya nahodha kabla hajafanya ya rubani. Leo ndege-mashua hazipo, lakini anga ya kusini mwa Nyanza si tupu: kuna kiwanja cha Kabunde huko Homa Bay na cha Lichota huko Migori. Watoto wa huko huzitazama ndege zikishuka. Anayetaka kujua kwa nini ndege huja ikiwa imekaa upande kidogo, kisha ikajinyoosha kabla ya kugusa ardhi, hastahili kuambiwa kwamba jibu lake halina lugha.

Majina matatu, usukani mmoja

Kiswahili kilipokutana na ndege hakikuanza na kamati. Kilimchukua rubani, ambaye kwa asili yake ya Kiarabu alikuwa mwelekezi wa merikebu, kikampandisha angani, na hakuna aliyelalamika. Hili ni tendo la upanuzi wa maana lililo kamili kuliko maneno mengi yaliyoundwa mezani. Usukani nao, neno la Kiarabu vilevile lenye maana ya shikio la chombo, ulitoka majini ukaingia katika gari. Hapo ndipo utata ulipoanza.

Leo usukani ni gurudumu analolishika dereva. Magazeti yakiandika kwamba rubani alikuwa kwenye usukani, yana maana ya vidhibiti vyote vya ndege. Kwa baharia, usukani bado ni ule ubao ulio majini. Mwanafunzi anayesoma kwamba ndege huongozwa kwa usukani atapata picha ya gari, na picha ya gari ndiyo inayomwangamiza mchezaji anayeanza: atadhani usukani ni wa kupindia. Neno limekuwa pana hadi likapoteza makali.

Pendekezo la makala haya ni rahisi. Usukani ubaki na maana yake pana, ya chochote kishikwacho na mwongozaji. Kile kipande cha wima mkiani kiitwe shikio, neno ambalo tayari lina maana ya usukani wa chombo cha majini na ambalo gari halijalinyakua. Kana ibaki kuwa mpini wa shikio, ili tofauti ya mashua na ndege iweze kusemwa.

Vivyo hivyo kwa mienendo mibaya ya chombo. Watumiaji wa Kiswahili husema mambo yamekwenda mrama, yamekwenda upogo, yamekwenda segemnege, yamekwenda arijojo, kana kwamba maneno yote manne ni mapambo ya maana moja. Si kweli. Mrama ni kuyumba kwa chombo. Upogo ni kwenda kwa kuelemea upande, bila kunyooka. Arijojo ni mwendo wa tiara iliyokatika uzi. Kwa mchezaji wa urubani hizi ni hali tatu mbalimbali, na kila moja ina dawa yake. Ndege inayoyumba ubavu hadi ubavu imekwenda mrama, itulizwe. Ndege ambayo pua na njia yake haviafikiani imekwenda upogo, ikanyagiwe shikio. Ndege iliyozirai, ambayo haitii tena mkono wa rubani, imekwenda arijojo. Irudishwe kwa zile hatua za kujiokoa. Fasihi imeyafanya maneno haya kuwa visawe kwa sababu wanaoyaandika hawajapanda chombo. Mchezo unaweza kuyarudishia tofauti zake.

Hoja za wanaopinga

Pingamizi la kwanza litakuwa kwamba michezo ni upuuzi usiostahili wino wa wasomi. Pingamizi hili linasahau bao. Kiswahili hakikuudharau mchezo huo. Kiliupa kete, nyumba, kichwa, kimbi, kunamua, mtaji na kutakata, msamiati kamili ambao mtafiti wa utamaduni huusoma kwa heshima. Waluo nao wana ajua, ndugu yake bao, na wazee walioucheza walihesabu na kupanga mbele kwa kina. Mchezo unaoheshimiwa leo ulikuwa mchezo tu ulipoanza. Ni kweli kwamba michezo ya vita huweza kuzoeza vijana kuona mauaji kama alama za kujumlisha, na hilo linastahili mjadala wake. Lakini somo la shikio ni lilelile katika ndege ya vita na katika ndege ya kubeba wagonjwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: lugha ya anga ulimwenguni ni Kiingereza, basi kijana anayetamani urubani afundishwe kwa Kiingereza tangu mwanzo. Hapa mambo mawili yanachanganywa. Lugha ya redio kati ya rubani na mnara ni ya usalama. Ni sahihi iwe moja na inayoeleweka na wote. Lugha ya kuelewa kwa nini bawa huzirai ni jambo jingine. Mtu anaweza kukariri neno la kigeni la hali hiyo na asijue kinachotokea, na ndiyo hali ya wachezaji wengi: wanayo majina, hawana maelezo. Aliyeelewa kwanza kwa lugha anayoimudu hujifunza jina la kigeni kwa siku moja.

Pingamizi la tatu husemwa kwa sauti ya chini katika vyuo vya Nyanza yenyewe: maneno ya mabaharia ni ya pwani, na Mluo, Mkuria au Msuba hana sababu ya kuyabeba. Pingamizi hili lina uchungu wa kweli ndani yake. Kwa muda mrefu Kiswahili kimefundishwa huko kama mali ya watu wengine, somo la kufaulia mtihani. Lakini Kiswahili cha Migori hakitoki darasani peke yake. Kinavuka mpaka wa Isebania kila siku pamoja na mizigo, na kinasemwa sokoni na Wakuria wa pande zote mbili. Wala safari ya maneno si ya upande mmoja. Omena ni neno la ziwani, na leo linauzwa na kuandikwa katika Kiswahili cha Nairobi bila kuomba ruhusa ya pwani. Ikiwa ziwa limekipa Kiswahili samaki wake, linaweza pia kukipa maneno ya chombo. Tena onyo liko karibu. Kisuba, lugha ya Kibantu ya visiwa vya Rusinga na Mfangano, kimepoteza wasemaji wengi waliohamia Kidholuo. Lugha ikihama, maneno ya chombo, ya upepo na ya mawimbi ni miongoni mwa yanayoangukia njiani, kwa kuwa hayafundishwi popote isipokuwa ndani ya chombo chenyewe.

Kinachopasa kufanywa

Historia ya istilahi za Kiswahili ina mafanikio yake. Mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na Microsoft ikafuata kwa kuivalisha Windows sura ya Kiswahili. Maneno mengi yaliyopendekezwa wakati huo yalikuwa mazuri. Hata hivyo, watumiaji wengi wa kompyuta nchini Kenya hawakuyazoea, kwa sababu yaliandikwa kwenye skrini kabla hayajasemwa na mtu. Kinyume chake ni kandanda. Chenga, kiungo, kuotea, mlinda lango na mkwaju wa penalti yalienea kupitia redio, kwa vinywa vya watangazaji kama Leonard Mambo Mbotela, waliolazimika kusema kinachotokea pale kinapotokea. Msikilizaji hakupewa orodha. Alipewa mchezo, na maneno yakaja yamepanda juu yake.

Somo ni bayana. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili visianze na orodha. Chuo Kikuu cha Rongo kiko Migori na Chuo Kikuu cha Tom Mboya kiko Homa Bay. Wanafunzi wake wanaishi hatua chache kutoka kwa wavuvi na kutoka kwa vyumba vya michezo. Kazi ya kwanza iwe kukusanya: kwenda Mbita, Karungu na Muhuru na kuuliza, kwa Kidholuo, kwa Kisuba na kwa Kiswahili, sehemu za mashua huitwaje, upepo wa ubavuni huitwaje, chombo kinachogoma kugeuka husemwaje. Kazi ya pili iwe kutangaza: kukaa kando ya mchezaji na kusimulia pambano lake kwa Kiswahili, kwa sauti, mbele ya wenzake, kama mtangazaji wa mpira. Neno litakalowapotosha wasikilizaji litaanguka lenyewe, na litakalowasisimua litabaki. Kazi ya tatu, ya kamusi, itakuja baadaye, nayo itakuwa nyepesi kwa kuwa maneno yatakuwa yamekwisha kuishi. Tasnifu moja ya uzamili kuhusu msamiati wa vyombo vya Ziwa Viktoria ingekuwa na faida kuliko kumi zinazorudia kuhesabu tamathali katika riwaya zilezile.

Tangu Katiba ya mwaka 2010, Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi ya Kenya. Hadhi hiyo ni tanga lililotwekwa. Lakini tanga bila shikio hukipeleka chombo kule upepo unakotaka, na upepo wa zama hizi unavuma kutoka mbali. Yule kijana wa Muhuru Bay ataendelea kucheza, Kiswahili kikiwepo au kisipokuwepo. Ndege yake itakwenda upogo, atatafuta neno, na atalipata katika lugha itakayokuwa karibu naye usiku huo. Wahenga walisema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Wanafunzi wa Kiswahili wamekwenda tezi ya isimu na omo ya fasihi kwa muda mrefu. Chombo chenyewe kiko ufuoni, kinangoja wa kukishika shikio.